Kila Chipu na Kipande Chake cha Bonde

Chumba cha zamani cha kufulia
3 Februari

Dada,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imetushinda. Jumapili ulinikatiza, nikakukatiza, tukaishia kubishana nani aliyeanza kumkatiza mwenzake, na habari yenyewe ikabaki mdomoni. Kwenye barua angalau utaniacha nimalize sentensi.

Tumepewa chumba. Usicheke: kilikuwa cha kufulia nguo, kwenye bweni la wanafunzi. Kuta bado zinanukia sabuni, na sakafu imeinama kuelekea tundu la maji machafu, kwa hiyo kila meza tumeiwekea vipande vya mbao chini ya miguu miwili. Lakini kina umeme wa kutosha na mabomba ya maji ya kupozea, navyo tunavihitaji vyote, maana mashine yetu inatoa joto kama tanuri la mikate.

Uliniuliza ni mashine gani hii isiyo na kumbukumbu. Kumbukumbu inayo, Dada, ila iko ndani ya chipu zenyewe. Kompyuta yako ya ofisini ina chipu inayohesabu, na kumbukumbu yake imekaa pembeni kwenye kadi nyingine. Kila ikitaka namba inaifuata huko, na muda mwingi unaishia njiani. Fikiria hospitali yenye makarani elfu nne na stoo moja yenye dirisha moja. Ukiongeza makarani, umeongeza foleni tu. Sisi tumechukua chipu ndogo elfu nne na ushee, kila moja na kumbukumbu yake tumboni, kidogo sana, kama kurasa chache za namba. Stoo hakuna. Kila chipu inashika kipande chake cha bonde lenu: mvua iliyonyesha pale, udongo umelowa kiasi gani, maji yanaelekea wapi. Ikimaliza hesabu inawaambia majirani zake tu, maji yanakuja kwenu, kiasi hiki. Nao wanaendelea, hakuna anayejipanga dirishani.

Mkuu wa idara, ambaye sisi tunamwita Bwana Kikao kwa kuwa hapatikani penginepo, anataka tuongeze kadi za kumbukumbu za nje, eti kwa usalama. Nimekataa. Siku tutakayozichomeka tumerudi kwenye foleni. Amenipa hadi katikati ya Machi: mashine iihesabu mvua ya msimu uliopita, ipate mafuriko yaleyale yaliyotokea, na imalize kwa chini ya saa moja. La sivyo anachomeka kadi zake, na mimi nitafute kazi ya kufua.

Nitumie vipimo vya mvua ile, vyote. Msalimie shemeji.

Mdogo wako,
Kiroboto

*

Nyumba ya mageti
11 Februari

Mdogo wangu Kiroboto,

Barua nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili sikupata nafasi ya kukukatiza. Inaudhi kweli.

Vipimo nimevituma na gari la mamlaka ya maji. Ni vya msimu uliopita peke yake. Kabla ya hapo tulikuwa na vyombo vitatu bonde zima, na viwili vililiwa na kutu, kwa hiyo usiniombe miaka ya nyuma. Huo msimu mmoja ndio ulio nao.

Sasa nisikilize, maana wewe ukishaanza habari za chipu unasahau kwamba chini ya bwawa hili wanaishi watu. Sheria yangu ni hii: sifungui geti mpaka maji yaguse alama nyekundu ukutani, isipokuwa nikiwa na utabiri wa maandishi mkononi. Huo utabiri unatoka makao makuu, na mashine yao inauhesabu mchana kutwa. Maji yenyewe kutoka milimani hadi kwangu yanachukua nusu siku. Utabiri unanifikia kama mgeni anayepiga simu kusema yuko njiani huku ameshakaa sebuleni.

Msimu uliopita nilingoja alama. Ilipoguswa ilibidi nifungue mageti yote matano kwa mpigo, na Mtaa wa Chini ukapokea kila kitu. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Lakini vitanda, vyerehani, sare za watoto, vyote vilikwenda. Viti vya kinyozi vya shemeji yako tuliviokota ng'ambo ya barabara. Waliokuja kuchunguza waliandika kwamba nilifuata sheria. Sawa, nilifuata sheria, na watu wakalala juu ya mabati. Tangu hapo nikienda kununua mboga wananifungia haraka haraka, wananirudishia chenji, maongezi hakuna. Inaniuma, sikufichi.

Kwa hiyo kadi ziwe za ndani au za nje, hilo ni lako na Bwana Kikao wako. Mimi nataka namba inifikie kabla ya maji. Nikiwahi kufungua kidogo kidogo, maji yanapita chini ya daraja bila kumgusa mtu. Utaweza au hutaweza? Nijibu kwa neno moja. Nakujua, ukianza na "inategemea" najua mambo yameharibika.

Mama anauliza lini utamletea mkwe. Nimemwambia umeoa chipu elfu nne.

Dada yako

*

Chumba cha kufulia
24 Februari

Dada,

Nitaweza. Hilo ndilo neno lako moja. Sasa nivumilie, maana yanayofuata hayaenei kwenye neno moja.

Mara ya kwanza bonde lilikataa kuingia. Tulilikata vipande vilivyo sawa kama karatasi ya hesabu, kila chipu na mraba wake. Basi chipu za milimani zikawa zinamaliza mapema na kukaa kuota jua, na za mtoni zikajaa hadi shingoni zikagoma. Na kwa kuwa kila moja inamngoja jirani, zilipogoma za mtoni zote zikasimama. Bwana Kikao alikuwepo. Aliniwekea tu mkono begani kama anayempa pole mfiwa. Kesho yake maboksi mawili ya kadi yakaletwa mlangoni.

Mwenzangu anayelehemu bodi, tunamwita Bi Moshi, aliyasukuma maboksi kwa mguu hadi chini ya sinki. Akasema, "Hapa hatuongezi stoo. Tunagawa kazi upya." Mwanamke yule ana kichwa kigumu kuliko changu, na unajua ninaposema hivyo nina maana gani.

Tumelikata bonde upya kwa kufuata maji. Mlima mkavu mzima tumeuachia chipu moja. Pale mito inapokutana, chipu mia nzima zimegawana eneo la ukubwa wa kiwanja cha mpira. Hata hivyo nafasi haikutosha, kwa hiyo tukaamua kwamba namba isiyopata pa kukaa isihifadhiwe, ihesabiwe upya kila inapotakiwa. Bwana Kikao anaona ni upuuzi, kuhesabu kitu kilekile mara kumi. Lakini chipu inakihesabu mara kumi na kumaliza, wakati kadi ya nje ingekuwa bado inatafuta namba moja.

Kila chipu ina taa ndogo ya kijani. Kazi ikienda vizuri unaona mwanga unatembea kutoka bodi hadi bodi, kutoka milimani kuja kwako. Jana ulifika kona ya chini ukakwama, chipu moja imekufa. Tumeitenga, kipande chake tumewagawia majirani wawili, mwanga ukapita. Tunasonga mbele. Mwambie Mama hao wake zangu angalau hawanigombezi.

Kiroboto

*

Chumba cha kufulia
15 Machi

Dada,

Natumaini hamjambo wote.

Jaribio halijakaa sawa. Nimemwomba Bwana Kikao wiki mbili tatu zaidi, naye amekubali shingo upande. Kama tutapata jibu kabla ya mvua au la, inategemea mambo mengi. Pengine ingefaa tutafute mvua nyingine ya kujaribia, si hii ya msimu uliopita. Je, hakuna kabisa vipimo vya zamani, hata vya mkono, hata vya makaratasi?

Usijichoshe. Kula vizuri.

Mdogo wako

*

Nyumba ya mageti
20 Machi

Wewe,

Nilikwambia nini kuhusu neno "inategemea"?

Na tangu lini unaniambia nile vizuri? Umeandika kama daktari anayetafuta mlango wa kutokea. Vipimo vya zamani hakuna, nilishakueleza, na wewe si mtu wa kusahau.

Nitakwambia ninavyoona. Mashine imekushinda, na kiburi hakikuruhusu kusema. Umeapa hutagusa kadi za nje, sasa bora maji yatukute kuliko wewe kumpa Bwana Kikao raha. Mdogo wangu, vua kiburi hicho ukitundike msumarini. Maboksi yako chini ya sinki, yatoe uyachomeke. Mashine yako ikiwa ya polepole lakini inasema kweli, nitaipokea. Ikiwa haisemi kitu, nitafanya nayo nini? Watu wa huku hawajali kumbukumbu inakaa wapi.

Mawingu yameanza kujikusanya upande wa milima kila alasiri. Sijaribu kukutisha. Ndiyo hali.

Dada yako

*

Kinyozi, Mtaa wa Chini
23 Machi

Shemeji yangu Kiroboto,

Mkono wangu umezoea mkasi kuliko kalamu, kwa hiyo utavumilia mwandiko. Dada yako hajui kama nakuandikia. Akijua nitanyolewa mimi.

Kuna jambo hajakwambia kwa kuwa hataki uhesabu ukiwa na mzigo kichwani. Mwezi uliopita alikwenda kwenye mamlaka ya maji akaomba msimu huu afungue mageti kwa utabiri wa mashine yako badala ya kungoja alama. Walimcheka kwanza, kisha wakakubali kwa sharti moja. Tarehe tano Aprili apeleke jaribio la msimu uliopita, lionyeshe kwamba mashine ilijua. Bila hilo, ni alama nyekundu kama kawaida. Naye akawajibu kwamba kama ni alama nyekundu, atawakabidhi funguo siku hiyohiyo, hatasimama tena pale juu kutazama maji yakimwagikia watu. Unajua kazi ile anaipenda kiasi gani. Tangu awaambie hivyo anasafisha mageti kama mtu anayeaga.

Wateja wangu wakiniona nimekaribia masikio yao hubadilisha mazungumzo, wanajua nimemuoa nani. Mimi sijali. Nataka yeye tu arudi nyumbani akiwa na amani.

Sasa, mimi si mtaalamu wa mashine. Lakini nimenyoa watu wengi wenye kitu wanachokificha, na shingo ya mtu wa namna hiyo hukaza ukiigusa. Barua yako ya mwisho nimeisoma. Ina shingo iliyokaza. Kama ni mashine imekufa, mwambie. Kama ni kitu kingine, mwambie vilevile, ana moyo wa kukibeba.

Ni mimi shemeji yako

*

Chumba cha kufulia
28 Machi

Dada,

Mashine haikushindwa. Ilifaulu kabla sijakuandikia ile barua, bila kadi hata moja ya nje, na ikamaliza Bi Moshi akiwa hajamaliza chai yake ya pili. Maji iliyoyahesabu ukutani kwako yanafuatana na kipimo chako saa baada ya saa, tofauti ni upana wa kiganja.

Nimekudanganya, na Bwana Kikao nimemdanganya, na Bi Moshi hanisemeshi kwa sababu hiyo.

Tuliiandikia programu iseme pia geti lipi lifunguliwe na lini. Ilitoa jibu. Mageti mawili, yafunguliwe nusu, kuanzia saa sita mchana. Ikichorwa hivyo, Mtaa wa Chini unabaki mkavu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Viti vya shemeji havisogei. Nikaikodolea macho karatasi ile nikakuona wewe saa sita mchana, umesimama kwenye usukani wa geti, unangoja alama. Alama iliguswa jioni. Nilihisi karatasi hii siku moja itafika mamlaka ikiwa na jina lako juu yake, na kwamba watu wataisoma, na nikashindwa. Sikuweza kuwa mimi wa kukuonyesha kwamba mtaa ule ungeweza kupona ukiwa mikononi mwako. Nikaona bora nionekane sina akili, nitafute mvua nyingine, na mvua nyingine haipo.

Shemeji ameniandikia. Usimgombeze. Karatasi imo humu ndani ya bahasha. Nimeshamwonyesha Bwana Kikao, naye ameagiza maboksi yarudishwe yalikotoka. Kama hutaki kuipeleka mamlaka, nitaelewa. Nisamehe, Dada.

Mdogo wako

*

Nyumba ya mageti
2 Aprili

Kiroboto,

Ulidhani mimi ni yai?

Nimeisoma karatasi yako nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Sasa nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu, hata huyo kinyozi mbeya ninayelala naye kitanda kimoja. Saa sita mchana ile, maji yalikuwa yameshabadilika rangi na vijiti vilianza kuja. Niliita makao makuu kwa redio. Niliomba ruhusa nifungue mageti mawili, nusu. Mawili, nusu, mdogo wangu, hivyohivyo. Walinijibu: una utabiri? Sina. Maji yamegusa alama? Bado. Basi subiri. Nikasubiri mkono ukiwa kwenye usukani mpaka ukafa ganzi.

Sikumwambia mtu kwa sababu ningesema nini? Ningeonekana natafuta wa kumtupia lawama baada ya watu kupoteza vyao. Mwisho nikaanza kujitilia shaka hata mimi, pengine nilikuwa na woga tu siku ile, pengine mawili yasingetosha. Nimeishi na swali hilo mwaka mzima. Na wewe jibu ulikuwa nalo, umelikalia, eti unanihurumia.

Nimekasirika, na nitaendelea kukasirika hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo nitakushukuru.

Tarehe tano nakwenda mamlaka. Karatasi nitaiweka mezani ikiwa na jina langu, na saa sita ileile, na nitawaomba walete kumbukumbu za redio zao wazisome kwa sauti. Wakitaka kujua mashine imewezaje, nitawaambia kila chipu inashika kipande chake na kumwambia jirani ukweli kwa wakati. Wewe ndiye chipu pekee katika bonde hili uliyenyamaza.

Hakikisha taa zako zote zinawaka. Milimani kumekwisha kuwa kweusi.

Dada yako

*

Chumba cha kufulia
19 Aprili, asubuhi

Dada,

Namba umeshazipata kwa njia ya kazi, zenye mhuri, kama mamlaka walivyokubali tarehe tano. Haya ni ya kindugu tu, nampa dereva wa gari lenu anayeondoka sasa hivi.

Nimeirudia hesabu mara tatu. Chipu mbili zilizima katikati, majirani wakashika. Jibu ni lilelile kila mara: geti la pili na la nne, robo, kuanzia saa nne asubuhi, kisha nusu ikifika saa nane. Najua kwenu kuna jua. Najua ukuta una nafasi kubwa hadi kwenye alama na watu watakuona kichaa. Mvua imenyesha milimani na iko njiani, hata kama hujaiona.

Bi Moshi anasema nikwambie mkono wake uko kwenye usukani pamoja na wako. Na wangu.

Kiroboto

*

Nyumba ya mageti
22 Aprili

Mdogo wangu,

Dereva alifika na barua yako nikiwa nimeshafungua. Saa nne kamili, jua linachoma, anga ya bluu juu ya bwawa zima, nikapiga king'ora na kuzungusha usukani. Watu walipanda darajani kutazama. Mmoja aliuliza kwa sauti kama nimelewa. Shemeji yako alifunga duka, akaanza kupita nyumba hadi nyumba kuwaambia watu wainue vitu vyao. Wengine walimtii kwa heshima, wengine kwa kicheko.

Kuanzia saa nne hadi saa tisa, mdogo wangu, nilikuwa mtu mpumbavu kuliko wote chini ya jua. Kisha maji yakabadilika rangi. Yakaja na vijiti, yakaja na magogo, yakaja na paa la kibanda cha mtu. Yalipanda ukutani kwa kasi ileile ya mwaka jana, nami nikawa namaliza kazi niliyoianza asubuhi. Alama nyekundu haikuguswa. Chini kule mto ulijaa, ukafika ukingoni ukatikisa nyasi, ukapita chini ya daraja, ukaenda zake. Mtaani haikuingia hata ndoo moja.

Ulidhani watu walikuja na maua? Siku iliyofuata, asubuhi na mapema, alikuja hapa ofisini muuza magodoro wa Mtaa wa Chini. Alikuwa amepandisha magodoro yote ghorofani juani, yeye na mkewe, na mgongo umemshika. Alinifokea nusu saa. King'ora cha nini, hofu ya nini, kusumbua watu wazima wenye kazi zao, na maji yenyewe hayakufika hata kwenye ngazi ya kwanza. Akaniuliza nimeona aibu au sijaona. Nikamwambia nimeona aibu, na nikamwomba radhi. Sijawahi kumwomba mtu radhi nikiwa na furaha kiasi kile.

Aliondoka bado amekasirika. Nilisimama dirishani nikamtazama akiteremka kurudi kwake, ananung'unika njia nzima, viatu vyake vikavu.

Dada yako